Jina Lisiloitwa Mwambani

Tarehe 1 Desemba

Upepo wa kaskazini umefika leo, na mkutano wa mwamba umefika nao. Kila nyumba ya kijiji chetu cha Ikaura humtaja mtu wake mmoja. Huyo ndiye atakayeshuka mwambani kuchuma mwani majira yote ya baridi, na hakuna kubadilishana hadi siku ya kufunga, mchumo wa mwisho wa majira. Nilivaa vizuri. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi jikoni: "Kisimani, nitashuka mimi." Kisimani ni jina la nyumba yetu, kwa sababu kisima cha zamani kiko uani.

Mzee Genshichi, mkuu wa mwamba, alipofikia zamu yetu, mama mkwe akanitangulia.

"Kisimani, Shigeno."

Ana miaka sabini na tisa. Hakunitupia hata jicho. Njiani nilimwuliza kwa nini.

"Wewe mtu wa mlimani. Mwamba utakumeza hata hujainama."

Nimeishi hapa miaka ishirini na sita. Mume wangu Tadao nimemzika hapa, mwaka wa nne huu. Bado mimi ni mtu wa mlimani.

Tarehe 4 Desemba

Mvua ya barafu. Amekuja mgeni kukodi chumba chetu cha wageni, Bwana Kuwabara, mwalimu mstaafu kutoka Osaka. Anataka kuona mwani ukichumwa, aule ungali mbichi, na ajue desturi zetu. Nimemwambia mwamba unaweza kufunguliwa, yaani watu waruhusiwe kushuka, kesho au baada ya wiki mbili, bahari ikitaka. Akasema atangoja kwa furaha. Watu wa mjini wanadhani kungoja ni burudani.

Tarehe 7 Desemba

Supu ya leo haikumezeka. Mama mkwe ameitia chumvi mara mbili. Bwana Kuwabara aliimaliza yote akasifu ladha ya bahari.

Tarehe 9 Desemba

Dada yangu amepiga simu tena. Duka lake la tambi limemshinda peke yake, anataka nirudi mlimani tuliendeshe pamoja. "Misao, unamtunza mama wa mtu aliyekufa," akasema. "Mpaka lini?" Nikamwambia nitamjibu mwamba ukifungwa, mwezi wa pili. Niliposhusha simu, Mama alikuwa mlangoni na bakuli mkononi. Sijui alisikia nini.

Tarehe 12 Desemba

Spika ya kijiji imelia kabla ya kupambazuka: mwamba umefunguliwa. Nilimpeleka Bwana Kuwabara ukingoni juu, tunaposimama sisi tusiotajwa, maana hata unyayo wetu hauruhusiwi kushuka. Chini yetu watu kumi na kitu walikuwa wameinama na vikapu viunoni, wakiung'oa mwani kwa vidole, na bahari ikiwapumulia miguuni. Mzee Genshichi alisimama kwenye jiwe lake akiyatazama mawimbi. Wimbi kubwa likija hupaza sauti, "Pandeni!" na wote hukimbilia juu. Likirudi wanashuka tena. Ndivyo kazi ilivyo, kushuka na kupanda, na roho mkononi.

Na kelele zote zilimezwa na kelele za Bi Fusae, jirani yetu wa nyumba ya Ghalani. Mdomo wa mwanamke yule hauna breki. Alisema juu ya goti lake, juu ya paka wake, juu ya mkwe wake wa Hiroshima asiyejua kupika wali. Mama mkwe alikuwa kando yake kama kawaida, kimya. Namhurumia. Mimi nisingeweza kukaa karibu na ule mdomo kwa muda wa kunywa chai.

Bwana Kuwabara akaniuliza, kwa sauti ya darasani, "Bibi mwenye nyumba, mama mkwe wako anaitwa nani?"

Watu wote ukingoni wakageuka kututazama. Nikamshika mkono nikamrudisha nyuma hadi kwenye miti.

"Hapa hatutaji jina la mtu, Bwana Kuwabara. Tunaita nyumba. Yule pale ni Kisimani, yule Ghalani, yule Juu."

"Kwa nini?"

"Bahari ikilisikia jina itakuja kumdai mwenyewe. Aliyeitwa jina lake mwambani hashuki tena maisha yake yote."

Alitaka kuandika kwenye kidaftari chake. Nikamwomba asubiri tufike nyumbani.

Tarehe 13 Desemba

Tumeanika mwani kutwa nzima. Vidole vimekufa ganzi. Bwana Kuwabara amekula supu ya mwani mbichi bakuli tatu, akalia machozi mbele yetu. Mama akasema, "Huyu tumwoze mtu." Ameondoka kwa basi la jioni. Atarudi mwezi wa kwanza.

Tarehe 18 Desemba

Leo nimeona, na tangu nione sina raha.

Nilikwenda bandani kuchukua mikeka. Mama alikuwa ndani anachagua mwani, anatoa mchanga na makombe ya konokono. Mlango ulikuwa umefungwa na taa imezimwa. Mwangaza uliopenya ubaoni ulitosha kuona kivuli cha mikono yake tu. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko vyangu vinavyokwenda mchana. Nikawasha taa. Hakuacha, hakupepesa, hakuuliza nani.

Nikasogea. Nikapitisha mkono wangu mbele ya uso wake.

"Unanipepea inzi wakati wa baridi?" akasema. Labda aliusikia upepo wa mkono.

"Mama, unaona?"

"Naona vya kutosha."

"Nimevaa nguo ya rangi gani?"

Alitupa konokono mmoja kando. Kisha akasema polepole, akiendelea kuchagua, "Mke wa Tadao, ukimwambia mtu yeyote, chakula chako sitakila tena. Nitakufa njaa mbele yako, na kijiji kizima kitakuona."

Ndipo ile chumvi ikanirudia akilini, na chai iliyomwagika, na jinsi anavyotembea nyumbani akigusa ukuta kwa mgongo wa kidole, jambo nililolichukua kuwa maringo ya uzee. Nilikasirika, nikaogopa, nikakasirika tena kwa kuwa nimeogopa. Mtu asiyeona anashuka kwenye mwamba unaoteleza, bahari ikiwa imekasirika, na mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya koti lake!

Tarehe 20 Desemba

Nimefika hadi mlangoni kwa Mzee Genshichi. Nimerudi.

Tarehe 22 Desemba

Mwamba umefunguliwa mara ya pili. Nilisimama ukingoni nikimtazama mtu mmoja tu. Nilitaka kujua jinsi anavyofanya.

"Pandeni!" akapaza Mzee Genshichi. Bi Fusae akapanda akiendelea kusema, "Na huyo paka, sasa, si akaingia kwenye sanduku la kimono!" Mama akapanda nyuma ya sauti yake. Wimbi likapiga, likarudi. Bi Fusae akashuka, "nikamwambia toka, hatoki," na Mama akashuka. Bi Fusae akisogea kushoto, Mama anasogea kushoto. Bi Fusae alipokohoa akanyamaza kidogo, Mama alisimama palepale, mguu mmoja hewani, hadi habari za paka zilipoanza tena.

Anatembea juu ya sauti ya Bi Fusae. Muda wote huu nilimwonea huruma kwa kelele zile, kumbe zile kelele ndizo macho yake. Nimejiuliza kama Bi Fusae mwenyewe anajua, au ni mdomo tu.

Tarehe 29 Desemba

Theluji. Nimemwambia Mama twende kwa daktari wa macho mjini. Amenijibu kwamba daktari anaweza kuja yeye, mwani upo, atakula.

Tarehe 1 Januari

Supu ya mwaka mpya, yenye mkate wa mchele na mwani juu yake. Mama aliweka bakuli la Tadao mbele ya picha yake bila kumwaga hata tone. Nililia jikoni.

Tarehe 6 Januari

Nyumba ya Ghalani iko kimya. Nimekaa nao ukuta kwa ukuta miaka yote hii na sijawahi kuisikia nyumba ile ikiwa kimya. Nikapika uji nikampelekea. Bi Fusae amelala, shingo imefungwa kitambaa, homa imemchukua na sauti imekwenda kabisa. Akaniashiria nisogee, akanong'ona kwa pumzi tu.

"Wakifungua, asishuke."

Nikajitia hamnazo. "Nani asishuke?"

"Misao, usinichezee. Ni baridi ya pili hii." Akapumzika, akanywa uji kidogo. "Unadhani napenda kusema vile? Mwambani nasema kwa kazi. Nyumbani ndiyo nasema kwa raha."

Nikamshika mkono. Mwanamke niliyemsengenya miaka ishirini na sita! Nikamwuliza kama Mama alimwomba. Akatikisa kichwa. Hawajawahi kulizungumza, hata mara moja.

Tarehe 7 Januari

Nimemsihi. Nimemwambia Fusae hana sauti. Amesema, "Nitasikiliza bahari." Nimemwambia nitakwenda kwa Mzee Genshichi nimwambie yote. "Nenda. Halafu andaa mazishi mawili, ya mwili na ya nyumba. Kisimani ikikosa mtu mwambani hadi siku ya kufunga, nafasi yetu wanaigawana."

"Basi waniruhusu mimi."

"Hujatajwa."

"Hukunitaja!"

Akanigeuzia mgongo. Amenifanya nipandishe sauti ndani ya nyumba yenye mgeni, kwa maana Bwana Kuwabara alikuwa amefika mchana na alikuwa anavua viatu mlangoni. Alivivua kwa muda mrefu sana, maskini.

Tarehe 8 Januari

Bahari inatulia, karibu watafungua. Mbaya. Nimeficha viatu vya Mama vya misumari ndani ya pipa la mchele.

Tarehe 9 Januari

Nataka kuandika leo leo.

Spika ililia nikiwa namkaangia mgeni samaki. Nilikimbilia chumbani kwa Mama. Godoro limekunjwa, koti halipo, jaketi la kuokolea halipo. Pipa la mchele halijaguswa. Kwenye msumari ambapo hutundikwa ndara za kamba za majani, zile alizosuka mwenyewe miaka iliyopita, hapakuwa na kitu. Ameshuka na ndara! Mimi na akili zangu za kuficha viatu.

Nilikimbia na aproni. Bwana Kuwabara alinifuata, kijiti cha kulia chakula bado mkononi.

Tulipofika ukingoni walikuwa wameshaanza. Mama alikuwa peke yake mwishoni mwa mwamba, mahali pa Kisimani. Nafasi ya Ghalani kando yake ilikuwa tupu. Alikuwa ameinama anachuma. Mara mbili Mzee Genshichi alipaza sauti, mara mbili akapanda vizuri, akisikiliza nyayo za wengine. Nikaanza kupumua. Nilijiambia labda ataweza, labda ni mimi mwenye moyo wa kuku.

Mara ya tatu upepo uligeuka. Ulitoka baharini ukaja na kelele zote pamoja, usingeweza kujua kipi ni wimbi na kipi ni mtu. "Pandeni! Kubwa! Pandeni!" Watu wakakimbia. Mama akasimama wima. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Kisha akaanza kutembea, haraka, kwa uhakika kabisa, kuelekea baharini.

"Kisimani!" akapiga kelele mtu wa nyumba ya Juu. "Kisimani, huku!" akaita mwingine kutoka kushoto. "Kisimani! Kisimani!" Sasa waliita wote, kutoka juu, kutoka kulia, kutoka kwenye mawe, na sauti zao ziligonga ukingo zikarudi. Mama alisimama katikati ya zile sauti. Akapiga hatua moja nyuma, moja kando. Alikuwa ananyoosha mikono. Nyuma yake maji yalikuwa yananyanyuka, ya kijani, bila haraka.

Nikaona kwamba akiitwa na wote ni sawa na kutoitwa na mtu. Nikashuka hadi pembeni kabisa ya ukingo, nikaita.

"Shigeno!"

Watu wakanyamaza. Wote kwa pamoja, kana kwamba nimewapiga kofi.

"Shigeno! Shigeno! Shigeno!"

Sikusema Mama, sikuweka heshima mbele wala nyuma. Nilimwita kama mtu anavyomwita mwenzake wa kucheza naye. Na kwa kuwa hakuna mwingine duniani aliyethubutu kuita jina lile pale, sauti ilikuwa moja tu. Akaigeukia. Akaifuata. Nikaendelea kuita, sikuacha nafasi ya kuvuta pumzi, na yeye akapanda juu ya jina lake, mikono mbele, hadi pale mwamba ulipoinuka kufikia magoti yake. Wimbi likamkuta hapo. Nilimpoteza ndani ya povu. Lilipoondoka, kikapu hakikuwapo, ndara moja haikuwapo, na yeye alikuwa ameukumbatia mwamba kwa mikono miwili. Vijana wa Juu wakamvuta.

Nilipomfikia alikuwa anatema maji na damu inatoka kwenye paji la uso. Hakunitazama, hana macho ya kunitazama. Akasema:

"Umeniita kama mtoto wa shule."

Kisha meno yakaanza kugongana.

Tarehe 10 Januari

Mbavu mbili zimepasuka. Anaishi. Watu njiani wananiamkia lakini hawasimami. Bwana Kuwabara ameosha vyombo vyote bila kuombwa, na hajaandika neno.

Tarehe 13 Januari

Mkutano. Mama aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilidhani tutafukuzwa.

Mzee Genshichi alionekana hajalala tangu siku ile. Akasema aliyeitwa jina hashuki tena, hilo halina mjadala. Akasema pia kubadilisha mtu katikati ya majira hakujawahi kutokea. Nyumba ya Juu wakasema kwa upole kwamba basi nafasi ya Kisimani siku ya kufunga itakuwa tupu, na desturi inajulikana.

Bi Fusae akasimama, shingo bado imefungwa. Sauti yake ilikuwa kama mlango mbovu.

"Mtu akifa katikati ya majira, je?"

"Akifa, nyumba yake inaleta mwingine," akasema Mzee Genshichi.

"Na aliyeitwa na bahari, mwambani ni mzima au ni maiti?"

Mzee Genshichi akakuna shingo kwa muda. "Mwambani," akasema hatimaye, "Shigeno amekufa juzijuzi."

"Kama nimekufa," akasema Mama kutoka kwenye kiti, "mbona hakuna aliyenichomea ubani?"

Walicheka, hata wa Juu. Mimi nilicheka kwa kwikwi. Mzee Genshichi akamgeukia: "Basi, marehemu, nyumba yako inamleta nani?"

Nikavuta pumzi kusema. Mama akanyanyua mkono.

"Kisimani haina mtu."

Wakamsikia wote. Mzee Genshichi akanitazama, akamtazama yeye, akasema nafasi itangoja hadi asubuhi ya kufunga. Nilimsukuma Mama hadi nyumbani. Nilikuwa natamani kukiacha kiti pale barabarani.

Tarehe 14 Januari

Nimemwuliza asubuhi, nikimbadilishia bendeji, kwa sababu hapo hawezi kukimbia.

"Nimekukosea nini, Mama? Niambie leo. Nilimwuguza mwanao. Nimekuita jina nikakutoa majini. Kwa nini mimi si mtu?"

Alingoja hadi nikamaliza kufunga.

"Anayeshuka ndiye nyumba," akasema. "Mimi nilitajwa nikiwa na miaka ishirini. Tangu hapo sijalala hata usiku mmoja nje ya Ikaura wakati wa baridi. Mama yangu alikufa mwezi wa kwanza, upande wa pili wa mlima, na mwamba ulikuwa wazi. Sikwenda." Akajifuta pua. "Tadao alipokufa nilijua utaondoka. Kama si mwaka huu, mwaka ujao. Ningekutaja, usingeweza kuondoka. Kwa hiyo nikauacha mlango wazi. Dada yako anapiga simu kwa sauti kubwa sana."

Nilikaa chini palepale na mkasi mkononi. Miaka minne nimekuwa nikihesabu dharau zake, na kila moja ilikuwa mlango.

"Ungesema," nikamwambia.

"Ungekaa kwa kunionea huruma." Kisha, baadaye sana, wakati nimeshadhani amesinzia: "Tangu mama yangu afe, hakuna aliyeniita vile. Shigeno. Tupu."

Tarehe 19 Januari

Bwana Kuwabara ameondoka. Ameacha kijiti kile cha kulia chakula, amekiosha na kukifunga kwenye karatasi.

Tarehe 25 Januari

Dada amepiga. Nimemwambia ninakuja kumsaidia majira ya joto, miezi miwili, kila mwaka akitaka. Akauliza na baridi je? Nikasema baridi nina kazi. Nilisema kwa sauti kubwa sana.

Tarehe 3 Februari

Bahari mbaya. Tunangoja. Mama ananifundisha sebuleni, nikiwa nimefunga macho, kwenye mkeka. "Usiukamate kama unamvuta mtu nywele! Uusokote." Vidole vimechubuka.

Tarehe 11 Februari

Spika imelia. Siku ya kufunga.

Viatu vya misumari vilinikaa, soksi mbili. Mama alitaka kuja, tukambeba hadi ukingoni, akakalishwa juu ya jiwe kando ya Mzee Genshichi, amefunikwa blanketi mbili kama mzigo wa posta. Nilisimama mbele ya wote nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi tangu Desemba. Mzee Genshichi akaitikia kwa kichwa. Mama hakunizuia.

Nikashuka. Kutoka juu mwamba huonekana bapa. Ukiwa juu yake unahema, unateleza, unakupiga baridi ndani ya mifupa. Bi Fusae, sauti imemrudia, alikuwa kando yangu. "Usiogope, mimi nitasema," akaniambia, na akaanza habari za mkwe wa Hiroshima. Niliinama. Mwani wa kwanza niliung'oa na kucha yangu. Wa pili ulikuja wenyewe, mweusi, unang'aa, ukiwa na harufu ya supu za miaka yangu yote hapa.

Sijui nilichuma kwa muda gani. Nilisahau. Nilikuwa nimegeuzia bahari mgongo, kosa la mtu wa mlimani, na Bi Fusae alikuwa amefika kwenye wali ulioungua. Hapo nikasikia sauti kutoka juu, kabla Mzee Genshichi hajafungua mdomo. Ilikuwa sauti ya kikongwe, kali, isiyo na subira, sauti inayonigombeza kila asubuhi kwa sababu ya chai.

"Kisimani! Panda!"

Kwa kitambo kidogo nilimtafuta, nikidhani yuko chini mwambani, kwa kuwa jina lile siku zote lilikuwa lake.

"Kisimani! We, Kisimani, una masikio?"

Nikapanda.